Leakey, Hema Lake na Visiwa Vyetu

Mwezi wa Agosti uingiapo, hapa Mbita huanza kuonekana magari yaliyofungwa mahema na matandiko juu ya paa. Baba ndiye dereva, mama ana ramani magotini, na watoto wawili watatu wameng'ang'ania madirishani wakilitazama ziwa. Wengine huliacha gari ng'ambo na kupanda motaboti hadi Sena, kisiwani Mfangano, wakalala siku mbili tatu chini ya turubai. Wavuvi wetu huwatazama kwa huruma. Mtu mwenye nyumba njema mjini, mwenye kitanda na godoro, amesibiwa na nini hata akawalaza wanawe juu ya nyasi, awe chakula cha mbu?

Mimi niliyefundisha somo la historia katika visiwa hivi kwa zaidi ya miaka ishirini, kila niyaonapo mahema hayo humkumbuka mtu mmoja ambaye jina lake wanafunzi wetu hulikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakalisahau. Mtu huyo ni Louis Leakey, mtafutaji wa mifupa ya kale. Vitabu vya shule humtaja kwa mstari mmoja: alivumbua hiki, mahali fulani, mwaka fulani. Havisemi kwamba sehemu kubwa ya maisha yake ilipita njiani na kambini, pamoja na mke na watoto, na kwamba baadhi ya kambi hizo zilikuwa katika ardhi hii yetu ya Rusinga, Mfangano, Kanjera na Kanam. Wala havisemi ni nani waliokuwa wakisukuma gari lilipokwama.

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, wazazi wake wakiwa wamisionari wa Kanisa la Uingereza miongoni mwa Wakikuyu. Alikua akikisema Kikuyu sawasawa na wenyeji, akatiwa jandoni pamoja na wavulana wa rika lake, akajijengea kibanda chake kama walivyofanya wao. Alipokuwa bado mvulana alianza kuokota vipande vya mawe meusi yenye makali, ambavyo wazee wa Kikuyu walivihesabu kuwa nyembe za mizimu. Hakuacha kuviokota. Alipofika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1922 na kuambiwa atahiniwe katika lugha ya kigeni ya ziada, alichagua Kikuyu, na wakuu wa chuo wakakubali! Nawaomba walimu wenzangu wa lugha wakitafakari kisa hicho kabla hawajamwadhibu mtoto mwingine kwa kusema lugha ya mama uwanjani.

Mwaka 1923 aliumia kichwani katika mchezo wa raga, madaktari wakamkataza kusoma kwa muda. Badala ya kulala kitandani, mwaka uliofuata alijiunga na msafara wa kuchimba mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, kusini mwa Tanganyika. Huko ndiko alikojifunza kazi ambayo hakuna chuo kilichoifundisha: kupanga wapagazi, kutafuta maji, kujenga kambi itakayodumu miezi, na kuubandika mfupa plasta usivunjike njiani. Kiongozi wa msafara huo, William Cutler, alifia huko huko Tanganyika mwaka 1925 kwa homa. Leakey alirudi chuoni, akafaulu kwa daraja la juu, na kuanzia mwaka 1926 akaanza kuongoza misafara yake mwenyewe katika Afrika ya Mashariki.

Akamwoa Frida Avern mwaka 1928. Mwaka uliofuata kulikuwa na mkutano wa wanasayansi wa Uingereza uliofanyika Afrika Kusini. Wataalamu wengine walipanda meli. Leakey aliondoka Kenya kwa gari pamoja na Frida na wenzake wa msafara, wakashuka bara zima hadi Johannesburg, umbali wa zaidi ya kilomita 4,000 katika barabara ambazo nyingi zilikuwa mikondo ya magurudumu tu. Nani asiyejua mwendo wa gari katika udongo mweusi wakati wa mvua? Sisi tulioshinda tukisubiri basi lililozama nje ya Homa Bay tunaweza kukisia.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wanaomsifu hupenda kulipita haraka. Frida alimzalia mtoto wa kike, Priscilla, mwaka 1930, na wa kiume, Colin, mwaka 1933. Wakati Colin angali mchanga, Leakey alikuwa amekwisha kumpenda msichana mchoraji aitwaye Mary Nicol, aliyekuwa akimchorea picha za kitabu. Aliiacha nyumba yake ya Uingereza. Mary alimfuata Tanganyika mwaka 1935, wakapanda Ngorongoro katika msimu wa masika, gari likizama topeni mara kwa mara, na mwisho wa mwaka 1936, baada ya talaka, wakafunga ndoa. Kwa hiyo msomaji atakaposoma habari za baba aliyewafundisha wanawe katika hema, akumbuke kwamba walikuwako watoto wengine wawili waliokua ng'ambo pasipo baba wala hema. Colin naye, kwa juhudi zake, akawa mtaalamu wa mimea aliyesifika kwa elimu ya maharagwe, na akafanya kazi Uganda, upande wa pili wa ziwa hili hili. Kila niendapo Mbita kununua mbegu humkumbuka yeye kuliko baba yake.

Sasa nije nyumbani. Mwaka 1932 Leakey alikuwa amepiga kambi katika rasi ya Homa, ambako huko Kanam alipata kipande cha taya la mtu na huko Kanjera vipande vya mafuvu. Akatangaza kwamba taya la Kanam lilikuwa la binadamu wa kale mno kupita wote waliojulikana. Wazee wa elimu huko Uingereza wakatia shaka, wakamtuma mtaalamu wa miamba, Profesa Percy Boswell, aje ajionee. Alifika mwaka 1935. Leakey akampeleka kwenye makorongo, akatafuta vigingi vya chuma alivyovipigilia kuonyesha mahali mifupa ilipopatikana, asivione. Kwa maelezo yake, wenyeji walikuwa wameving'oa wakavitumia kwa shughuli zao. Picha aliyoitoa kuwa ya mahali pale nayo ikagundulika kuwa ya mahali pengine. Boswell aliporudi aliandika maneno makali, na sifa ya Leakey ikaanguka kama mti uliokatwa shina.

Nimekisimulia kisa hicho darasani mara nyingi, na kila mara wanafunzi wa pwani hii hucheka wafikapo kwenye vigingi. Wanajua thamani ya chuma kwa mvuvi. Lakini nikiisha kuwaacha wacheke, huwauliza: je, yupo aliyekwenda kijijini kuwaeleza wazee vigingi vile ni vya nini? Mgeni aliweka alama katika shamba la watu, akaondoka, akatarajia zilindwe na wasiojua maana yake. Na hata leo hali si tofauti sana. Tazama jinsi watu walivyozichora kwa mkaa na kuzikwangua kwa misumari picha za kale za miambani barani Afrika, kisha uniambie kosa ni la nani peke yao. Kwetu Mfangano tuna bahati kwamba picha za Mawanga na Kwitone, zile duara nyekundu na nyeupe, zililindwa na heshima ya wazee waliopahesabu kuwa mahali pa kuombea mvua, na sasa jumba la makumbusho la Abasuba linazieleza kwa wageni.

Taya la Kanam halikumnufaisha Leakey. Wataalamu waliofuata walilihesabu kuwa si la kale kama alivyodai. Hata hivyo, ile rasi aliyochekwa kwa ajili yake imekuja kutoa mengi. Huko Kanjera zimechimbwa zana za mawe za yapata miaka milioni mbili, na mwaka 2023 wachimbaji walitangaza zana kutoka Nyayanga, katika rasi hiyo hiyo, zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Mtu yule alikosea jibu, hakukosea mahali pa kutafuta.

Baada ya aibu ile alitafuta riziki kwa kazi nyingi: aliandika kitabu kikubwa mno juu ya mila za Wakikuyu, ambacho kilichapishwa mwaka 1977, yeye akiwa amekwisha kufa, alitumikia idara ya upelelezi ya serikali ya kikoloni wakati wa Vita vya Pili, akashika kazi katika Jumba la Makumbusho la Coryndon, Nairobi. Likizo zake zote ziliishia kambini. Jonathan alizaliwa 1940, Richard 1944, Philip 1949. Kati yao alizaliwa binti, Deborah, aliyefariki kwa ugonjwa wa kuhara akiwa na umri wa miezi mitatu. Wazazi wengi wangeogopa baada ya msiba wa namna hiyo kuwatoa watoto nje ya mji. Hawa hawakuogopa, au waliogopa wakaenda vivyo hivyo.

Safari ya Nairobi hadi visiwani siku zile ilikuwa ya kutwa na kucha. Walipakia gari vyakula, mafuta, mitungi, vyandarua, plasta na watoto, wakashuka Bonde la Ufa na kupanda tena, hadi Kisumu, kilomita zipatazo 350. Kutoka huko walipanda chombo na kuifuata ghuba yote kuja Rusinga. Mfadhili wa London, Charles Boise, aliwapa fedha wakapata motaboti yao wenyewe waliyoiita Miocene Lady, na hiyo ikawa nyumba yao majini. Jina hilo lilitokana na enzi ya Miosini, wakati mlima wa volkano wa Kisingiri ulipokuwa hai. Rusinga na Mfangano ni mabaki ya majivu na miamba ya mlima huo. Majivu yake yalikuwa na chokaa nyingi, na chokaa ndiyo iliyohifadhi mifupa, mbegu, matunda, hata wadudu na viwavi, wakageuka visukuku, yaani mawe yenye umbo la kiumbe, baada ya kufukiwa yapata miaka milioni 18. Ziwa halikuwako, ulikuwa msitu. Mimi nilikulia juu ya msitu huo pasipo kujua. Tulivunja mawe yake kujengea mazizi.

Mwezi wa Oktoba 1948 Leakey alikuwa huko Rusinga ameinama juu ya mifupa ya mamba wa kale. Mary hakupendezwa na mamba. Akaondoka kutembea peke yake kwenye mteremko, akaona vipande vya mfupa, kisha jino. Akamwita mumewe. Lilikuwa fuvu lenye uso la kiumbe wa jamii ya sokwe, la kwanza la aina yake kuonekana ulimwenguni. Vipande vyake, vingine vidogo kama punje ya mtama, viliokotwa kwa kuchekecha udongo, na Mary akaviunganisha kwa siku nyingi. Mwisho wa mwezi alipanda ndege kwenda Uingereza akiwa amelipakata sanduku lenye fuvu, na waandishi wa habari wakamlaki kama malkia. Likakaa huko kwa miongo kadhaa hadi liliporejeshwa Kenya katika miaka ya 1980, baada ya nyaraka kuonyesha kwamba lilikuwa la kuazima.

Kuhusu watoto, kisa kimoja kinanipendeza kuliko vyote, nacho ni cha Kanjera. Richard alikuwa na umri wa miaka sita. Jua lilikuwa kali, nzi wengi, wazazi wameinamia kazi yao, naye alichoka akaanza kulialia. Baba yake, aliyechoshwa na kelele, akamwambia akajitafutie mfupa wake mwenyewe. Mtoto akaenda kando, akaanza kukwangua mahali palipotokeza kitu, akanyamaza. Walipokuja kumwangalia kwa sababu ya ukimya ule, walikuta amefunua taya la nguruwe mkubwa wa kale ambaye hayuko tena duniani. Wakamsukuma pembeni wakaichukua kazi wenyewe! Richard alilikumbuka jambo hilo maisha yake yote, na kwa muda alijiapiza kwamba hatakuwa mchimbaji wa mifupa. Akaja kuwa mkuu wa makumbusho ya taifa, na watu wa kundi lake ndio waliofukua mifupa mashuhuri ya Turkana. Alifariki mwaka 2022. Jonathan naye ndiye aliyeipata Olduvai, mwaka 1960, mifupa ya mtoto wa jamii ya watu wa kale ambayo baba yake na wenzake waliiita mwaka 1964 jina la mtu stadi, Homo habilis. Hata ule ugunduzi wa mwaka 1959, fuvu la Zinjanthropus lililowatajirisha kwa umaarufu, aliuona Mary asubuhi ya tarehe 17 Julai wakati mumewe amelala hemani kwa homa.

Msomaji ameona mambo yanavyokwenda. Mtu tunayemtaja katika mtihani alikuwa ameinamia mamba, au amelala mgonjwa, au anamfukuza mtoto mwenye kelele, na walioona ni wengine. Simnyang'anyi sifa yake: ni yeye aliyeshika usukani, aliyezitafuta fedha, aliyeamini kwamba asili ya binadamu ni Afrika wakati wakubwa wa elimu walipokuwa wakitazama Asia. Ila sifa ya mwenye usukani isiwafunike walio ndani ya gari, na walio nyuma yake wakilisukuma.

Mmoja wa hao ni Heselon Mukiri. Alikuwa Mkikuyu wa Kabete, akaanza kazi na Leakey katika miaka ya 1920 na kuwa mkono wake wa kuume kwa miongo mingi, kambi baada ya kambi, jicho lake likiona mfupa mahali ambapo wenye shahada waliona kokoto. Yeye aliondoka kwake likizo zote hizo. Familia ya Leakey ilikuwa pamoja hemani. Ya Mukiri ilikuwa wapi? Swali hilo aliniuliza mwanafunzi wa darasa la saba, nilipokuwa nimewapeleka Nairobi kutazama mifupa hiyo, safari ya motaboti alfajiri na basi kutwa nzima, tukalala sakafuni katika darasa tuliloazimwa. Sikuwa na jibu la kumpa.

Wala tusisahau kwamba mtu huyu aliyekua na rika la Wakikuyu alisimama upande wa serikali wakati wa Mau Mau, akaandika vitabu dhidi yake, na akakaa mahakamani Kapenguria kama mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta, hadi mawakili wa utetezi walipompinga akajitoa. Mwalimu anayeficha hilo anafundisha nusu ya mtu. Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akiwa na umri wa miaka 69, akazikwa Limuru karibu na wazazi wake. Mary aliishi hadi Desemba 1996.

Limebaki jambo la jina. Kiumbe yule wa Rusinga aliitwa Proconsul, jina lililobuniwa London mwaka 1933 kwa kumkumbuka sokwe mmoja aliyekuwa akiwachekesha watu huko, aitwaye Consul. Kwa miaka mingi fuvu la kwetu lilibeba jina la sokwe wa maonyesho ya Wazungu. Mwaka 1993 wataalamu waliipa aina hiyo jina la pili la heseloni, kwa heshima ya Mukiri. Mwaka 2015 wengine, walipoona kwamba viumbe wa Rusinga na Mfangano wanatofautiana na wale wa Koru na Songhor, waliwapa jina jipya kabisa la jamii: Ekembo, neno la Kisuba lenye maana ya sokwe. Basi leo fuvu alilolipakata Mary ndegeni linaitwa Ekembo heseloni, kwa lugha ya kisiwa hiki na kwa jina la yule aliyelichekecha vumbi.

Habari hiyo iliponifikia nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe aliyepotea. Niliiandika ubaoni, nikawaambia wanafunzi waende wakawaulize bibi na babu zao nyumbani kiumbe huyo anaitwaje. Kesho yake madaftari yakaja. Walikuwa arobaini na mmoja. Wawili walikuwa wameandika ekembo. Waliosalia wote walikuwa wameandika ong'er, ambalo ni jina la tumbili kwa Dholuo.